Kwa nini mpira wa gofu umekatwa na draiva ikaachwa

Mpira wa gofu utakaoruhusiwa kuanzia mwaka 2030 utaruka masafa mafupi kidogo kuliko huu tunaocheza nao leo. Uamuzi huo ulitangazwa Desemba 2023 na vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani: R&A, chenye makao yake St Andrews kule Scotland, na USGA cha Marekani. Tangazo lilitaja Januari 2028 kwa mashindano ya wachezaji wa ngazi ya juu, na Januari 2030 kwa wote tuliobaki.

Kaa na wachezaji wa hendikapu 20 (wanaokadiriwa kupiga mikwaju 20 zaidi ya kiwango cha uwanja) baada ya mchezo, utawasikia wakilalamika kwamba wananyang'anywa yadi ambazo hata sasa hawanazo. Msikilize anayefuatilia mashindano makubwa, atakwambia hatua hii imechelewa miaka ishirini. Mpira wanaouzungumzia ni mmoja, lakini michezo ni miwili, na ndiyo maana mjadala huu hauishi. Mimi naamini mpira ulikuwa mahali sahihi pa kukata, na kwamba mchezaji wa kawaida ndiye aliyelindwa zaidi na uamuzi huu. Sababu yake iko katika vitu viwili vilivyobadilisha gofu kati ya mwaka 1979 na 2004, yaani mpira wenyewe na draiva, fimbo ndefu ya pigo la kwanza.

Mpira uliokuwa ukiadhibu nguvu

Umbali wa pigo huamuliwa na mambo matatu pale fimbo inapokutana na mpira: kasi ambayo mpira unaondoka nayo, pembe unayopandia, na jinsi unavyojiviringisha kinyumenyume ukiwa hewani. Hili la tatu ndilo lenye siri. Vijishimo vilivyo kwenye ganda la mpira vikishirikiana na mzunguko huo huupa mpira mwinuko, ukaelea muda mrefu. Mzunguko ukipungua mno mpira huanguka mapema. Ukizidi, mpira hupanda juu, hupoteza mwendo na kudondoka. Na uso wa fimbo ukiwa umepinda kidogo tu, mpira huo huo utapinda hadi vichakani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wachezaji wa kulipwa walitumia mpira wa nyuzi, wazo lililotoka kwa Coburn Haskell wa Ohio mwaka 1898. Ndani kulikuwa na kiini kilichozungushiwa nyuzi za mpira zilizovutwa kwa nguvu, na juu yake ganda laini la balata. Karibu na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) mpira huo ulitii: mchezaji aliweza kuutua na kuusimamisha hatua mbili kutoka ulipoangukia. Lakini ulipopigwa kwa draiva ulizunguka kupita kiasi. Kadiri ulivyoupiga kwa nguvu ndivyo ulivyopanda na kupinda. Mwenye nguvu aliyekosa nidhamu aliumia kuliko mwenye wastani aliyepiga katikati ya uso wa fimbo.

Sokoni kulikuwa pia na mpira mgumu wa vipande viwili, kiini kimoja kikubwa na ganda lisilochanika. Huo ulienda mbali na uliishi muda mrefu, ndiyo maana wachezaji wa klabu waliupenda. Wachezaji wa kulipwa waliukwepa kwa sababu haukusimama kwenye grini. Kila aliyeingia uwanjani alikuwa na la kuchagua, umbali au utii, na hakuna aliyepata vyote.

Mwaka 2000 uchaguzi huo ulifutika. Juni, Tiger Woods alishinda US Open kule Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15 akitumia mpira wa Nike wenye kiini kigumu. Oktoba, Titleist ilipeleka mpira wake mpya, Pro V1, kwenye mashindano ya Las Vegas. Wachezaji 47 waliutumia wiki hiyo hiyo, na Billy Andrade aliyeshinda alikuwa mmoja wao. Kiini chake kilikuwa kigumu, kwa hiyo ulizunguka kidogo kwenye draiva. Ganda lake lilikuwa la yurethani, laini na jembamba, kwa hiyo uliposuguliwa na mifereji ya weji, fimbo ya mapigo mafupi ya juu, ulizunguka kama wa zamani. Mpira wa nyuzi ulitoweka kwenye mashindano makubwa ndani ya muda mfupi sana.

Takwimu za PGA Tour, ligi kuu ya wanaume wa kulipwa Marekani, zinaonyesha kilichofuata. Mwaka 1980 wastani wa mapigo ya draiva ulikuwa takriban yadi 257. Ilichukua miaka ishirini kufika 273 hivi mwaka 2000. Kisha ikachukua miaka mitatu tu kufika 286. Mwaka 2023 wastani ulikaribia 300. Dan Pohl, aliyeongoza kwa urefu wa mapigo mwaka 1980, alikuwa na wastani wa yadi 274. Leo angekuwa chini kabisa ya orodha. Rory McIlroy aliongoza 2023 kwa yadi 326.

Kichwa kilichoondoa hofu

Mpira peke yake haukufanya yote hayo, na hapa ndipo wengi wanaotetea mpira wa sasa wana hoja ya kweli.

Seve Ballesteros aliposhinda Kenya Open mwaka 1978, draiva zilikuwa na vichwa vya mbao, kwa kawaida za mti wa pasimoni. Vilikuwa vidogo, visivyofika nusu ya ukubwa wa vichwa vya leo. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade na kuuza draiva ya chuma yenye uwazi ndani. Wengi walidhani ni kitu cha kupita. Mwaka 1991 Callaway ikatoa Big Bertha yenye kichwa cha sentimita za ujazo 190, na watu wakakiona kikubwa mno. Mwaka 1993 Bernhard Langer alishinda Masters kwa draiva ya mbao, na hakuna ubingwa mkubwa uliotwaliwa tena kwa fimbo ya aina hiyo. Mwaka 1995 ikaja titani, chuma chepesi na imara, na vichwa vikaanza kuvimba kila msimu mpaka mwaka 2004 wasimamizi walipoweka kikomo cha sentimita za ujazo 460.

Watu husema titani iliongeza umbali kwa sababu uso wake mwembamba unabonyea na kurudi. Ni kweli, na mruko huo nao umewekewa kikomo cha sheria. Ila mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa ukubwa wenyewe. Kichwa kikiwa kikubwa na chepesi, mtengenezaji anaweza kuupeleka uzito pembezoni, mbali na kitovu. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega anaijua kanuni hii: madumu yakining'inia kwenye ncha mbili za mti, mti hauzunguki ovyo begani. Kichwa cha draiva ya leo hufanya hivyo hivyo. Ukiugusa mpira sentimita moja au mbili kutoka katikati, hakisokoti sana, na mpira bado unaenda mbele kwa kasi inayokubalika. Kwa draiva ya mbao kosa lile lile lilikugharimu yadi 40 na pengine mpira wenyewe.

Matokeo yake kwa mchezaji wa kulipwa hayakuishia kwenye kupiga sawasawa. Alijifunza kupiga kwa nguvu zote kila mara. Kijana aliyezaliwa miaka ya 1990 hakuwahi kufundishwa kubakiza asilimia kumi ya nguvu zake kwa ajili ya usalama, maana fimbo aliyopewa haikumdai hivyo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipochambua mamilioni ya mapigo alionyesha kuwa mapigo marefu ndiyo yanayotenganisha wachezaji bora na wengine kuliko kazi ya pata (fimbo ya kubingirisha mpira kwenye grini), na makocha wakaisoma hesabu hiyo. Mwaka 2020 kule Winged Foot, uwanja maarufu kwa rafu yake (nyasi ndefu za pembeni), Bryson DeChambeau alikosa zaidi ya nusu ya fewei (njia za nyasi fupi) na bado akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju 6. Alikuwa peke yake chini ya pari, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa, kwa jumla ya siku nne.

Ongeza mazoezi ya viungo, rada zinazopima kila pigo, na fewei zinazonyolewa fupi hadi mpira unabingirika kama uko sakafuni. Ndiyo maana anayesema "tatizo ni mpira tu" anakosea. Lakini swali la wasimamizi halikuwa nani wa kulaumiwa. Walikuwa wanatafuta mahali panapoweza kukatwa bila kumuumiza asiyehusika.

Nani angeumia

Chukua mapendekezo yaliyosikika zaidi moja baada ya jingine. Wapo waliotaka kichwa cha draiva kirudishwe hadi sentimita za ujazo 300 au chini. Kwa McIlroy hilo lingemrudishia hofu kidogo, na mimi binafsi ningependa kuona. Lakini McIlroy hupiga katikati ya uso karibu kila mara. Anayepiga kisiginoni na kidoleni (ncha mbili za uso wa fimbo) na juu ya uso ni mchezaji wa Jumamosi. Kichwa kidogo kingemla yeye kwanza, na kingemla vibaya: mwanamke aliyeanza gofu akiwa na miaka 45, mstaafu ambaye kiuno hakizunguki tena, kijana anayejifunza kwa fimbo ya kuazima. R&A ilipopima wachezaji wa kawaida viwanjani Uingereza mwaka 2019, wastani wa wanaume ulikuwa karibu yadi 215 na wa wanawake karibu 150. Hao hawajauzidi uwanja wowote duniani.

Mpira hufanya kazi kwa namna nyingine. Upimaji wake ni huu: roboti hupiga kwa kasi ya fimbo iliyowekwa, na mpira hautakiwi kupita yadi 317 pamoja na yadi 3 za ziada. Kikomo hicho hakikuguswa. Kilichobadilika ni masharti ya kupima. Kasi ya fimbo inapanda kutoka maili 120 kwa saa hadi 125, pembe ya kuondokea kutoka nyuzi (digrii) 10 hadi 11, na mzunguko unashuka kutoka 2,520 kwa dakika hadi 2,220. Yaani roboti sasa anapiga kwa nguvu na kwa ustadi zaidi, wakati mstari wa mwisho umebaki palepale. Mpira mrefu wa leo, unaogota kikomo roboti akipiga kwa maili 120, utaupita mstari huo akipiga kwa 125. Kwa hiyo utabidi utengenezwe upya.

Makadirio waliyoyatoa wasimamizi wenyewe ni kwamba wapigaji warefu kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, wastani wa wachezaji wa PGA Tour na DP World Tour (ratiba kuu ya Ulaya) yadi 9 hadi 11, wachezaji wa LPGA (ligi ya wanawake wa kulipwa) yadi 5 hadi 7, na mchezaji wa kawaida yadi 5 au pungufu. Punguzo linafuata kasi ya fimbo. Anayepiga kwa maili 90 kwa saa, kama wanaume wengi wa klabu, hajawahi kukaribia eneo ambalo mpira unapimwa, na mabadiliko yanamgusa kwa mbali tu. Sioni kifaa kingine chochote kwenye begi ambacho ungekikata mwenye nguvu akahisi na mnyonge asihisi.

Hoja ngumu zaidi ilikuwa ile ya kutenganisha: mpira mmoja kwa mashindano ya juu, mwingine kwa watu wote. Hilo ndilo lililopendekezwa kwanza, Machi 2023, kwa kipimo kikali zaidi cha maili 127. PGA Tour ilikataa, PGA of America, chama cha walimu wa gofu Marekani, ilikataa, na watengenezaji walipinga vikali, kwa kuwa biashara yao inasimama juu ya wazo kwamba unacheza na mpira ule ule wa bingwa. Wasimamizi wakaja na kanuni moja kwa wote iliyo nyepesi kidogo.

Wengi Ulaya na Marekani wanaona huko kulikuwa kurudi nyuma. Nikiwa Afrika Mashariki naona tofauti. Viwanjani kwetu hakuna ukuta kati ya mchezaji wa klabu na wa kulipwa. Kijana wa klabu ya Lugalo, Dar es Salaam, au Sigona, Kenya, mwenye hendikapu sifuri anacheza shindano la klabu wiki hii, wiki ijayo yuko na timu ya taifa, na mwezi unaofuata anatafuta nafasi ya kuingia Kenya Open, ambayo tangu 2019 iko kwenye ratiba kuu ya Ulaya. Kumtaka abadilishe mpira kila anapovuka mpaka huo ni kumwongezea gharama na kumvurugia hesabu ya umbali wa kila fimbo. Tena dunia ya gofu ilishawahi kuishi na mipira miwili. Uingereza ilikuwa na mpira wa kipenyo cha inchi 1.62 na Marekani wa inchi 1.68. The Open, shindano kubwa la Uingereza, ililazimisha ule mkubwa mwaka 1974, na mdogo ukapigwa marufuku kila mahali mwaka 1990. Haukuwa mpango ambao mtu aliyeuishi alitamani urudi.

Ardhi haiongezeki

Anayeuliza kwa nini yadi kumi na kitu zistahili kelele zote hizi aangalie Augusta National, uwanja wa Marekani unaochezewa Masters. Masters ya 1997 ilichezwa kwenye uwanja wa yadi 6,925. Ile ya 2023 ilichezwa kwenye yadi 7,545. Shimo la 13 pekee lilirefushwa kwa yadi 35 mwaka 2023 baada ya kununua ardhi kwa klabu jirani. Augusta wanaweza. St Andrews wanaweza kwa shida, na tayari baadhi ya sehemu za kuanzia kwenye Old Course zimewekwa nje ya mipaka ya uwanja wenyewe.

Sasa weka hilo Dar es Salaam Gymkhana, iliyobanwa kati ya bahari na majengo ya katikati ya jiji. Weka Kitante, Kampala, ambako barabara na majengo yamezunguka mashimo yote. Weka Royal Nairobi, iliyoanzishwa 1906 wakati mji ulipokuwa kambi ya reli iliyokua, leo imezungukwa na barabara na nyumba. Viwanja hivi havina pa kwenda. Kila yadi inayoongezeka kwenye mpira inavifanya vionekane vidogo, na kila uwanja mpya unaochorwa kwa ajili ya mapigo ya yadi 320 unahitaji maji, mbolea na mafuta ya mashine za kukata nyasi kwa eneo ambalo wanachama wake wengi hawatalifikia kamwe. Jack Nicklaus, aliyechora mamia ya viwanja, ameomba mpira upunguzwe kwa miongo kadhaa kwa sababu hii hii.

Yadi kumi na kitu hazitairudisha gofu ya 1980. Kusema kweli zitairudisha karibu miaka kumi tu. Ila zitausimamisha mwendo, na hilo linatosha kwa sasa, mradi macho yabaki kwenye draiva. Tangu Januari 2022 mashindano ya juu yanaruhusiwa kuweka kikomo cha urefu wa inchi 46 kwenye fimbo badala ya 48. Ni hatua ndogo, lakini inaonyesha mlango wa fimbo haujafungwa.

Begi lako

Kama hayo yote ni ya watu wenye kasi ya maili 115, mchezaji wa kawaida achague vifaa vyake kwa kigezo kipi? Kwa kigezo kilicho kinyume na chao karibu kila mahali.

Anza na draiva. Wachezaji wa kulipwa hutumia uso ulioegemea nyuma kwa nyuzi 8 au 9 kwa sababu kasi yao inaurusha mpira juu bila msaada. Anayepiga kwa maili 85 au 90 akinunua fimbo hiyo, mpira wake utaruka chini na kuanguka ungali na nguvu. Nyuzi 10.5 ziwe mwanzo, na nyuzi 12 zisimuonee mtu haya. Kichwa kiwe kikubwa kadiri sheria inavyoruhusu. Hiyo ndiyo sehemu ya teknolojia ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili yako hasa. Draiva nzuri ya miaka minane iliyopita ilishafika kikomo cha ukubwa na cha mruko wa uso kama hii ya mwaka huu, kwa hiyo ya mtumba iliyotunzwa haikunyimi kitu kikubwa. Shafti, yaani mti wa fimbo, ndiyo ya kuangalia. Fimbo nyingi za mitumba zinazofika kwetu zilikuwa za watu wenye nguvu na zina shafti ngumu zenye herufi S au X. Kwa wengi wetu R inatosha, na kwa wazee herufi A ni msaada wa kweli.

Kwenye fimbo za chuma kuna mtego ambao umewapotosha watu wengi. Namba iliyochongwa chini ya fimbo hailindwi na sheria yoyote. Miaka ya 1980 namba 7 ilikuwa na uso wa nyuzi 35 hivi. Leo namba 7 za wapenda umbali zina nyuzi 28 au 29, ambazo zamani zilikuwa karibu za namba 5. Watengenezaji hawakudanganya kila kitu: wameshusha uzito chini ya kichwa, hivyo mpira bado unapanda ingawa uso umesimama. Ila anayejivuna kwamba namba 7 yake inapiga yadi 165 wakati ya mwenzake inapiga 145 pengine ameshika fimbo nyingine kabisa yenye namba ile ile.

Madhara yanaonekana mwisho wa seti. Pitching weji iliyokuwa nyuzi 48 au 50 sasa ni 43 au 44. Sendi weji imebaki 56. Katikati pamebaki pengo la nyuzi 12, na pengo hilo linaangukia kwenye umbali wa yadi 80 hadi 110, pale ambapo mchezaji wa kawaida hujikuta mara nyingi baada ya mapigo mawili. Kabla ya kununua draiva mpya, tafuta nyuzi halisi za seti yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha nunua weji ya kati ya nyuzi 50. Kama begi limefika fimbo 14, idadi ya juu kabisa tangu 1938 kule Marekani na 1939 kwa R&A, toa namba 3 au 4 ya chuma. Mpigaji wa maili 90 hazimfai kitu. Mbao ya namba 7 au fimbo ya haibridi, iliyo kati ya mbao na chuma, itamrushia mpira juu zaidi na kuutua taratibu.

Kuhusu umbo la chuma, deni letu kubwa ni kwa Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping. Yeye ndiye aliyeonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba uzito ukisukumwa kingoni mwa kichwa, pigo lisilo la katikati halipotei. Fimbo nyembamba zisizo na uwazi nyuma zinapendeza machoni na zinabebwa na mabingwa wachache. Kwa hendikapu ya juu ya 10 ni kujitesa. Pata sina la kusema zaidi ya kwamba utumie ile inayokukaa mkononi na ambayo kichwa chake unakiona kimeelekea unakotaka.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya Ulaya hailigusi. Klabu za Muthaiga na Karen, Nairobi, ziko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huupa mpira takriban asilimia 6 ya ziada. Namba 7 inayokupa yadi 150 Nairobi itakupa 140 na kidogo Nyali au Vipingo, na upepo wa pwani haujaongezwa. Hewa hiyo hiyo hupunguza pia kupinda kwa mpira, kwa hiyo mtu wa Nairobi anayeshuka Mombasa hukuta mpira wake umepungua urefu na umeongeza mpindo kwa wakati mmoja, akadhani pigo lake limeharibika. Pigo halina kosa. Achukue fimbo moja zaidi. Wa Dar anayepanda Nairobi apunguze moja.

Mwisho mpira, uliotuleta hapa. Chagua kuanzia grini kurudi nyuma. Kama unapiga chipu (mapigo mafupi ya kuingia grini) zinazopaa na unataka zisimame, ganda la yurethani lina faida ambayo utaiona siku hiyo hiyo. Kama chipu zako zote ni za kubingirisha, mpira wa vipande viwili utakutosha na hautachanika haraka. Lililo muhimu kuliko chapa ni kutumia mfano mmoja kila unapocheza, kwa sababu mipira iliyookotwa mabwawani na kuuzwa nje ya klabu huchanganya aina tano kwenye mfuko mmoja, na hakuna anayeweza kujifunza umbali wa weji yake kwa mipira mitano tofauti.

Na usiweke akiba ya makasha ukihofia mwaka 2030. Kwa kasi ya maili 90 unalinda yadi zisizozidi tano, ambazo weji ya nyuzi 50 na shafti inayokufaa zitakurudishia mara nyingi kabla tarehe hiyo haijafika.